Njia ya miguu ya kwenda maporomoko imekatika: fedha za umma za kuikarabati tunaziombaje? (Rungwe)

#1 KijitoCheupe

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa wanaojua bajeti za halmashauri na wanaojua ujenzi wa njia za milimani.

Kijiji kipo Rungwe, upande wa mvua nyingi. Njia inaanzia pale gari linapoishia na kushuka hadi maporomoko. Wanaitumia wageni, wanafunzi wa ziara za masomo na wanakijiji wenyewe. Tumeipima kwa kamba ya mita 50, jumla mita 2,300:

– mita 1,100 za kwanza zinapita kwenye migomba na chai, mteremko mdogo;
– mita 800 zinazofuata zina mteremko kama asilimia 10, na humo kuna korongo la mita 180 lenye kina cha sentimita 70, maji yamelichimba katikati ya njia;
– mita 400 za mwisho zinashuka moja kwa moja, tofauti ya kimo ni mita 90.

Kuna daraja la miti la mita 6 juu ya kijito, boriti zimeoza kwenye ncha. Serikali ya kijiji inataka kuomba fedha za umma. Tumwandikie nani, lini, na andiko liwe na nini ndani?

#2 MezaYaMipango

Mkuu, kabla ya andiko jibu swali moja: njia hiyo ni ya nani kwenye karatasi? Fedha za umma hufuata mmiliki. Kama ipo ardhi ya kijiji, mwombaji ni kijiji kupitia halmashauri. Kama ipo ndani ya msitu wa hifadhi wa Serikali Kuu au hifadhi ya mazingira asilia, mfano Mlima Rungwe, mwenye eneo ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Ingekuwa Hifadhi ya Taifa Kitulo, ni TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Halmashauri haiwezi kuweka fedha kwenye eneo lisilo lake bila makubaliano ya maandishi, na mkaguzi akija ndipo anapoanzia.

Jambo la pili, ambalo huua maombi mengi mapema: msiandike "ukarabati wa barabara". Neno barabara likionekana tu, barua inapelekwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TARURA wataangalia mtandao wao wa barabara za wilaya, njia ya miguu haimo, na barua itarudi ikiwa imepoteza miezi. Andikeni "njia ya miguu ya utalii na huduma za kijiji". Kile kipande cha gari kabla ya kuanza kutembea, hicho ndicho cha TARURA, na kiombewe kwa barua yake peke yake.

#3 KijitoCheupe

Asante sana mkuu. Tumekwenda na mzee anayezijua bikoni. Mita 1,900 za kwanza ziko ardhi ya kijiji. Mita 400 za mwisho, zile za kushuka, ziko ndani ya hifadhi ya TFS. Daraja lipo upande wa kijiji.

#4 Mlinzi_wa_Mlima

Basi hayo ni maombi mawili, msiyachanganye.

Kwa zile mita 400 mwandikieni Mhifadhi Misitu wa Wilaya wa TFS, mkiambatisha ramani na muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji. Ombeni kipande hicho kiingizwe kwenye mpango kazi wake wa mwaka na kwenye mpango wa usimamizi wa msitu. Ombeni pia kibali cha maandishi cha kubadili mkondo wa njia, kwa sababu mita 90 za kimo ndani ya mita 400 ni mteremko wa asilimia 22 na ushee. Hapo hamtakarabati palepale, lazima njia ipindishwe. Kupindisha ni kukata mimea ndani ya hifadhi, na Sheria ya Misitu ya 2002 hairuhusu kufanya hivyo kwa makubaliano ya mdomo.

Ulizeni pia kama kuna makubaliano ya usimamizi shirikishi wa msitu kati ya kijiji chenu na TFS. Yakiwepo, kijiji kinapata mlango wa kuomba Mfuko wa Misitu Tanzania, ambao umeundwa kwa sheria hiyohiyo na hutoa ruzuku kwa kazi za uhifadhi. Andiko la huko lisiongelee wageni kwanza. Liongelee mmomonyoko unaoingia kwenye kijito, hekta za msitu zinazokanyagwa na watu wanaokwepa tope, na miche ya asili mtakayopanda kwenye mkondo wa zamani mtakapoufunga.

Na maji msiyasahau. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ngazi za zege na kibanda cha tiketi pale chini kwenye maporomoko visiwepo kwenye mchoro. Kwa daraja, pelekeni mchoro Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, ofisi yao ipo Tukuyu hapohapo.

#5 Fundi_Mawe

Niongelee udongo, maana hata fedha zikipatikana, kazi ikifanywa kama ya Dodoma itaondoka na mvua ya kwanza.

Udongo wa Rungwe ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vya pumisi. Ukiwa mkavu unachimbika kwa urahisi, ukilowa unateleza kama sabuni, na maji yakipata mkondo yanauchimba kwa kasi. Kinachoharibu njia ni maji yanayotembea juu yake, miguu ya watu inafuata nyuma. Hivyo bajeti yenu nyingi iende kwenye kuyatoa maji njiani.

Mita 1,100 za mashambani: msitumie mawe. Chimbeni mabonde mapana ya udongo: njia inashuka, inapanda kidogo kwa mita 3 hadi 4, kisha inaendelea kushuka. Maji yakifika kwenye kile kipando yanatoka pembeni. Wekeni moja kila mita 25, jumla 44. Uso wa njia uinamie upande wa chini wa mlima kwa asilimia 3 hadi 5, na upana wa mita 1.2 unatosha. Wenye mashamba wakubaliane kwanza maji yatoke wapi. Mkiyatupia kwenye mche wa chai wa mtu, mwaka ujao ataziba.

Mita 800 za mteremko wa asilimia 10: makinga maji ya mawe, yaani safu za mawe zinazokatiza njia, kila mita 15, jumla 53. Yalazwe kwa pembe ya nyuzi 45 na njia. Ukiyaweka kwa pembe mraba, maji yanasimama, mchanga unajaa nyuma yake na mvua inayofuata inaruka juu. Mawe yazame ardhini theluthi mbili. Mwisho wa kinga uwe na mtaro wa kutolea wenye urefu wa angalau mita 1, umepangwa mawe ili usianzishe korongo jipya.

Lile korongo la mita 180 msilijaze udongo. Fungeni kipande hicho, njia ipite pembeni yake, na ndani ya korongo jengeni vizuizi vya mawe vya nusu mita. Kanuni ni kwamba kitako cha kizuizi cha juu kilingane na kichwa cha kizuizi cha chini. Kwa mteremko wa asilimia 10, nusu mita inakupa umbali wa mita 5, kwa hiyo vizuizi 36. Katikati ya kila kizuizi pawe chini kuliko kando, la sivyo maji yatakula kuta za pembeni.

#6 Chai_na_Ndizi

Kwani kwa nini tusimwage moramu njia nzima? Kijijini wengi wanapendekeza hivyo.

#7 Fundi_Mawe

Dada, piga hesabu ya mita 300 tu. Upana 1.2, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 36. Ongeza robo kwa kushindilia, zinakuwa 45. Gari linaishia mwanzo wa njia, kwa hiyo moramu inabebwa kichwani. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50 za lita 20, na ndoo iliyojaa moramu haipungui kilo 30. Hizo ni safari 2,250 kwa mita 300. Na maji yasipotolewa njiani, moramu yenyewe itaishia kwenye kijito. Tumieni moramu kwenye madimbwi sugu peke yake, baada ya kukausha chanzo cha maji.

#8 Kihesa_Juu

Nipo Iringa. Huku udongo wetu mwekundu unashikamana zaidi na mvua ni chache, kwa hiyo nafasi kati ya makinga huwa kubwa kidogo. Msichukue vipimo vya huku mkavipeleka Rungwe, wala vya Rungwe msivilete huku.

Kwa kile kipande cha kushuka, hesabu yangu ni hii. Katika mita 90 za kimo, mita 60 zishuke kwa zigizaga yenye mteremko wa asilimia 12. Hiyo ni njia ya mita 500. Mita 30 zilizobaki, pale penye mwamba na nafasi finyu, ziwe ngazi: kimo cha ngazi sentimita 17, kina cha kukanyagia sentimita 40. Mnapata ngazi 176 zinazochukua kama mita 70 za mlalo. Kwa hiyo mita 400 zinageuka 570, na njia nzima inakuwa mita 2,470. Andikeni urefu huo mpya kwenye andiko, maana mhandisi akikuta tofauti atarudisha faili.

Zigizaga iwe na mikono 10 ya mita 50, kona 9. Kila kona iwe tambarare ya mita 3 na iwekwe penye mti mkubwa au jabali. Kona ikiwa mahali wazi, watu wanakata mkato na ndani ya msimu mmoja mnakuwa na njia mbili. Makinga maji matatu kwa kila mkono, 30 kwa jumla.

Katika ngazi 176, kama 56 za chini zitaangukia ndani ya zile mita 60 za mto. Hizo ziwe za mawe makavu bila saruji. Ngazi 120 za juu ziwe za magogo. Tumieni nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, zinapatikana Njombe na Mafinga, kipenyo sentimita 12. Msidanganywe na msindano mbichi, kwenye unyevu huo unaoza upesi. Nguzo ya mita 4.5 inatoa vipande 3 vya mita 1.4, kwa hiyo nguzo 40, pamoja na akiba ya asilimia 10 ni 44. Mkikata, ncha zipakwe dawa upya, kwani dawa ya kiwandani haifiki katikati ya gogo. Kila gogo lishikwe na nondo mbili za milimita 12, urefu sentimita 60. Nondo nzima ya mita 12 inatoa vipande 20, hivyo vipande 240 ni nondo 12.

#9 Fundi_Mawe

Nakubaliana na yote isipokuwa nondo. Sentimita 60 kwa udongo wenu wa Iringa sawa, kwenye pumisi itang'oka. Iwe sentimita 90. Nondo ya mita 12 inatoa vipande 13, vipande 240 vinahitaji nondo 19, pamoja na akiba ni 21. Tundu kwenye gogo liwe la milimita 14, na kichwa cha nondo kizame sentimita 1 chini ya uso wa gogo kisije kikachana mguu wa mtu.

Mawe: makinga 53 na 30 ni 83, kila moja kama robo mita ya ujazo, jumla mita za ujazo 21. Vizuizi vya korongo na ngazi za mawe hesabuni peke yake baada ya kupima upana wa korongo.

Daraja: boriti zilioza ncha kwa sababu zililala juu ya udongo. Zikae juu ya misingi ya mawe na saruji, angalau sentimita 60 juu ya alama ya mafuriko, na hewa ipite kwenye ncha. Boriti 4 za nguzo zilizotiwa dawa, mita 7 kila moja ili zikalie nusu mita kila upande, ncha nyembamba isipungue sentimita 22. Mbao za sakafu za sentimita 15 zikiachiana sentimita 1, kwa mita zote 7 za boriti, ni mbao 44 za mita 1.2. Juu yake pigilieni wavu wa kuku, la sivyo ukungu utaangusha watu. Vishikio viwe vya mita 1.1 pande zote mbili. Mhandisi wa halmashauri lazima athibitishe boriti na kusaini mchoro. Bila saini hiyo daraja msilijenge.

#10 MezaYaMipango

Sasa mnaongea lugha ambayo Divisheni ya Mipango na Uratibu inaielewa. Niweke kalenda, maana hapa ndipo wengi wanachelewa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mwongozo wa bajeti wa mwaka ujao hutoka kwenye robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, na halmashauri huandaa bajeti kuanzia hapo hadi Januari na Februari. Ombi lenu likifika Machi, linasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo Agosti hadi Oktoba mfanye yafuatayo: mradi uibuliwe kwenye Fursa na Vikwazo, yaani O&OD, mchakato wa wananchi kuibua miradi yao, upite Halmashauri ya Kijiji, uthibitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uwe na orodha ya mahudhurio na saini, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mkutano mkuu ni wa kila miezi mitatu, msije mkaukosa ule wa Septemba. Baada ya kata, mradi unakwenda menejimenti ya halmashauri, Kamati ya Fedha, Utawala na Mipango, na Baraza la Madiwani. Hakikisheni umeingia kwa jina lake kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri. Mradi uliopitishwa kwa mdomo na usiomo kwenye PlanRep hauna kifungu, na usio na kifungu haulipwi hata fedha zikiwepo.

Jambo jingine la milimani. Ukavu wenu ni Juni hadi Oktoba. Fedha za mapato ya ndani huingia taratibu baada ya Julai, ununuzi kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, nao unachukua wiki kadhaa, na mkiupata mzigo Novemba mvua imeanza. Dawa yake ni kumaliza mchoro, vibali na mpango wa ununuzi kabla ya Juni, na kuomba fedha kwa awamu mbili: vifaa na daraja mwaka wa kwanza, njia mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza mawe yakusanywe na kurundikwa, hayaozi.

Nani alipe nini:

Mapato ya ndani ya halmashauri yalipe mabonde, makinga na korongo, kwa fosi akaunti (halmashauri kusimamia kazi yenyewe bila mkandarasi) au kwa kikundi cha vijana kilichosajiliwa NeST, kwani sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalum. Mfuko wa Jimbo ni mzuri kwa vifaa vya daraja, yaani boriti, mbao na saruji. Kamati yake ipo chini ya mbunge na inapenda kitu kinachohesabika. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kama kijiji kina mpango wake wa ajira za muda, inaweza kubeba vizuizi vya korongo kwa sababu ni hifadhi ya udongo. Kipande cha kushuka ni TFS. Nguvu za wananchi ni mawe na kusafisha mkondo, na zithaminiwe kwa daftari la mahudhurio la kila siku. Kuandika "wananchi watachangia" bila hesabu hakuna maana.

Kitu kimoja kisiombwe kwenye mifuko miwili. Boriti zilezile zikionekana Mfuko wa Jimbo na halmashauri, hiyo ni hoja ya ukaguzi, na kijiji kitasumbuka kupata fedha nyingine.

#11 Chai_na_Ndizi

Na ile mikopo ya asilimia 10 ya vijana, wanawake na wenye ulemavu?

#12 MezaYaMipango

Hiyo ni mikopo, inarudishwa. Kikundi kinaweza kukopa kwa ajili ya biashara ya kuongoza wageni au kuuza chakula. Kujengea njia isiyowaingizia wao fedha moja kwa moja, hapana, mtawaingiza vijana kwenye deni.

#13 Mlinzi_wa_Mlima

Niongeze kuhusu mapato, kwa kuwa mtaulizwa. Ndani ya hifadhi ada ya kuingia ni ya TFS kwa namba ya malipo ya serikali, kijiji kisiweke geti pale. Kwenye ardhi ya kijiji mnaweza kutoza, lakini kwa sheria ndogo ya kijiji iliyopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Baraza la Madiwani. Ndani ya sheria ndogo hiyo andikeni sehemu gani ya makusanyo inabaki kwa matengenezo ya njia. Isipoandikwa, fedha zitakwenda kwenye mahitaji mengine, nayo ni ya kweli, na njia itarudi kuwa korongo.

Anzeni leo kuweka daftari la wageni: tarehe, idadi, wametoka wapi. Miezi mitatu ya daftari lililojazwa vizuri ina uzito kuliko kurasa kumi za maelezo ya uzuri wa maporomoko.

#14 Fundi_Mawe

Matengenezo yaandikwe kama kifungu kwenye andiko lenyewe. Mabonde na makinga yote ni 127. Mtu mmoja anazibua kama 15 kwa siku, kwa hiyo siku-kazi 9 kwa mzunguko. Mizunguko mitatu kwa mwaka: Oktoba kabla ya mvua, Februari katikati, Juni baada ya mvua. Siku-kazi 27, jembe na sepetu. Ni gharama ndogo kabisa kwenye mradi huu na ndiyo inayolinda zote.

#15 KijitoCheupe

Ndaga fijo, wakuu. Tunafanya hivi: barua ya TFS yenye ramani wiki hii, mhandisi wa halmashauri aombwe kuja kupima daraja, na ajenda iingie mkutano mkuu wa Septemba. Wenye mashamba wako 14 kwenye zile mita 1,100. Ridhaa yao iwe ya pamoja au kila mtu na yake?

#16 MezaYaMipango

Kila mtu na yake, karatasi moja moja: jina, mipaka ya shamba, upana wa mita 2 wa njia na mtaro, mahali maji yatakapotokea, saini ya mwenye shamba na ya mwenza wake, na mhuri wa Mtendaji wa Kijiji. Karatasi 14 ziambatane na muhtasari. Kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi, njia ichorwe humo pia. Palipo na migomba ya kung'oa, ihesabiwe sasa mkiwa na mwenye shamba, kabla ya mtu yeyote kushika jembe.